Dakika Hamsini Angani

— Funga mkanda, mwanangu, tunashuka.

Fundi cherehani aligeuka kumtazama bibi aliyekaa naye. Juisi waliyogawiwa alikuwa hajaifikisha hata nusu.

— Tunashuka mji gani, bibi?

— Huko huko tunakokwenda. Kwani wewe unakwenda wapi?

— Si ndege hii inazunguka kwanza? Mume wangu anasema inashusha watu miji mitatu. Akiondoka alfajiri, anafika jioni.

Bibi alicheka, kisha akauona uso wa mwenzake, akaacha.

— Mimi naipanda kila nikienda kwa binti yangu. Ni kilomita mia nne tu, dakika hamsini umefika. Labda mumeo anapanda nyingine.

— Labda, alisema fundi.

Miaka minne mumewe alikuwa akifanya kazi ya mitambo mji huu wanakoshuka na kwenda nyumbani kila mwisho wa mwezi. Miaka minne mke alimwonea huruma kwa safari ile. Huruma hiyo ndiyo iliyomfanya arudishe funguo za chumba chake cha kushonea, awaage wateja, afungashe nguo zake aje kuishi naye bila kumwambia. Alitaka kumshtukiza kwa furaha.

Walipotua aliwasha simu, akausoma tena ujumbe wa alfajiri: "Mke wangu, napanda ndege. Nazima simu. Nikifika jioni nitakutafuta."

Akaketi na sanduku lake mbele ya mlango wa wanaowasili. Akajiambia huenda mume ameshafika zamani, yuko kazini, na yeye anajitia wazimu bure. Hata hivyo hakuondoka.

Giza lilipoanza kuingia, ndege nyingine kutoka kwao ilitua. Mumewe akatoka amenyooka, ananukia sabuni. Alipomwona mkewe, begi likamponyoka.

— Mke wangu. Umefikaje huku?

— Kwa ndege. Habari za safari?

— We acha tu. Tumezunguka kutwa nzima, mgongo wote unauma.

Fundi alikuwa anatazama shati. Alfajiri kifungo cha juu kilikuwa kinaning'inia, na mume akakataa akishone, eti ndege itamwacha. Sasa kilikuwa kimekazwa vizuri, kwa uzi mweusi.

— Na kifungo amekushonea nani, rubani?

Mume alikishika kifungo. Simu yake ikaita, akaitoa mfukoni. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa "Ofisi". Mke akaichukua mkononi mwa mumewe kama anayempokea mzigo, akapokea.

Sauti ya mwanamke ikasema:

— Umeshatua, baba? Mwanao hataki kulala. Tangu ulipotoka hapa nyumbani alasiri analia tu.

Kumbe kutwa nzima mumewe alikuwa mji wao uleule, alikomwacha yeye alfajiri. Fundi alitaka kulia, alitaka amrarue mtu. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya upole, ikamtisha hata mwenyewe.

— Ametua salama. Nani mwenzangu?

— Mimi mkewe. Wewe nani?

— Mkewe.

Mume akanyoosha mkono aichukue simu. Mke akampa mgongo.

— Lakini mkewe alishafariki, ilisema ile sauti polepole. Mwenyewe alinionyesha kaburi.

Fundi alimgeukia mumewe.

— Niko hai, dada. Nielekeze unapokaa, nije unione.