Aliyeitikia kwa Sauti ya Alavi

Jumatatu, tarehe 9 Novemba 1998, saa nne na robo asubuhi, Beerankutty wa Kozhikode, kwetu Malabar, kusini mwa India, aliitikia jina ambalo si lake.

Alikuwa Madras, katika chumba cha kuingizia sauti za filamu. Watu wa Malabar walimjua Beeran kwa filamu zaidi ya arobaini za kuchekesha, lakini alianzia majukwaani, akiiga sauti za wakubwa. Kipaji hicho ndicho kilichomleta pale. Mwigizaji mashuhuri Alavi Haji alikuwa amefariki siku ishirini kabla. Picha zake za mwisho zilikuwa zimepigwa, maneno hayajarekodiwa. Beeran akaombwa amsemee marehemu.

Sasi, fundi wa sauti, alisema kwenye kipaza kwa mazoea ya miaka mingi, "Kaka Alavi, uko tayari?" Kisha akajishika mdomo.

Beeran akataka kumwondolea haya. Akajibu kwa sauti ya Alavi, "Nipo, mwanangu. Niende wapi?"

Wote wakacheka. Kicheko kilipokwisha, kikabaki kimoja nyuma ya pazia, ambako hapakuwa na mtu. Chumba kikanuka karafuu maiti.

Jumatano alikuwa nyumbani. Mkewe, Nabeesu, alimmiminia chai.

"Hii chai mmeisahau tangawizi," akasema Beeran.

Binti yao Suhara akacheka. "Baba, kazi imekwisha. Mwache mzee wa watu apumzike."

Beeran alishika koo. Hakuwa ameiga.

Suhara alikuwa aolewe Jumapili ya tarehe 22 na Hamsa, mwalimu wa Tirur. Kwetu, baba hushika mkono wa bwana harusi na kumwozesha binti yake kwa ulimi wake. Beeran hakutaka kitu kingine duniani. Suhara alipozaliwa, yeye alikuwa Madras. Alipohitimu shule, alikuwa msituni akipiga filamu. "Hii moja sitaikosa," alikuwa amemwambia.

Akanywa asali na pilipili manga. Daktari akasema koo ni zima. Alfajiri alisoma Fatiha kwa sauti yake, lakini "Amin" akaisema yule mwingine. Siku ya nane Nabeesu alisikia wanaume wawili wakizungumza bafuni, mmoja akiomba na mwingine akimnyamazisha, na alipousukuma mlango alimkuta mumewe peke yake mbele ya kioo, amefumba midomo, machozi yanamtoka, na bado ile sauti ya pili ilikuwa inaendelea taratibu ndani ya kifua chake kama maji ndani ya mtungi.

"Mpe khatibu uwakala, amwozeshe yeye," Nabeesu alinong'ona.

"Kwa sauti ya nani?" Beeran aliandika kwenye karatasi. Kusema alikuwa anaogopa.

Ijumaa wakaenda kwa Sharifu Koya, mzee wa kusomea watu dua. Alisoma, akapuliza, akanusa.

"Kila mtu ana jini wake," akasema. "Mwenyewe akifa, jini hubaki hana pa kukaa. Aliitwa jina la bwana wake, wewe ukamwitikia. Umemfungulia mlango, mwanangu."

"Tumtoeje, Sharifu?" aliuliza Nabeesu.

"Mimi siwezi. Sharti amkane mara tatu mtu aliyeijua sauti ile kuliko sote. Mjane wake."

Jumamosi, saa tisa alasiri, walisimama kwenye baraza ya Alavi kule Feroke. Biyyathu, mjane, alikuwa amekaa eda, hivyo alisikiliza nyuma ya mlango uliofungwa.

Beeran alitaka kusema: dada, niwie radhi. Kilichotoka ni hiki: "Biyyu, anua nguo. Mvua inakuja."

Beeran hakuwahi kulijua jina hilo la ndani. Nyuma ya mlango kucha zikakwaruza mbao.

"Sema tena," akasema Biyyathu.

"Dada, usimwambie hivyo, nakuomba!" Nabeesu alilia.

"Mara moja tu. Siku thelathini na mbili sijaisikia. Sema tena."

Harufu ya karafuu maiti ikajaa baraza nzima, na Beeran, ambaye mikono yake yote miwili ilikuwa imeziba kinywa chake mwenyewe, akasikia maneno yakipita kati ya vidole vyake, laini, yenye mapenzi, kama ya mume aliyerudi kutoka safari: "Fungua, Biyyu. Nimechoka kukaa kwenye koo la mtu. Humo ndani kwako kuna nafasi."

Komeo likaanza kuinuka.

"Dada," alisema Nabeesu, "kesho binti yangu anaolewa. Huyu ni baba yake. Hana mwingine."

Komeo likasimama katikati. Walimsikia Biyyathu akipumua.

"Wangu nilimtamkisha shahada mwenyewe," akasema hatimaye. "Nilimfumba macho kwa mkono huu." Komeo likashuka. "Alavi hayupo. Hayupo." La tatu lilikuwa zito, likatoka pamoja na kilio. "Hayupo hapa!"

Beeran alikohoa hadi akaanguka. Harufu ikaondoka. Ndani, yule mama akaendelea kulia, na hakuna aliyethubutu kumbembeleza.

Jumapili wenzake wa filamu walimtania, "Beeran, tuigie japo mmoja!" Akatikisa kichwa. Akaushika mkono wa Hamsa, na kwa sauti ya kukwaruza, yake mwenyewe, akasema, "Nimekuoza binti yangu Suhara kwa mahari mliyokubaliana." Suhara aliisikia kutoka chumba cha wanawake. Tangu hapo Beeran hakuiga mtu tena, na kazi ikamwacha pole pole. Mtu akimwita kwa nyuma, hakuitika mpaka amwone uso.

Alifariki mwaka wa tisa baada ya harusi ile, mwezi wa Rajabu. Tulipomaliza kumfukia, khatibu akakaa kichwani pa kaburi kumsomea talakini, akamwita kama anavyoitwa kila maiti: "Ewe Beerankutty, mwana wa Mariyakutty."

Khatibu alisita. Sote tulikuwa tunasikiliza. Nabeesu, nyumbani, alikuwa amefunga madirisha yote.

Hakuna aliyeitikia.

Ee Mola, mrehemu Beerankutty, mrehemu na Alavi. Walaze kimya, kila mmoja na sauti yake, mpaka siku utakayowaita Wewe. Amin.