Mvumbuzi Ni Mmoja

Jumamosi moja ya mwaka 2004, mjini Machakos, kelele zilizuka kwenye mteremko wa soko na wenye busara wakapisha njia. Mkokoteni uliojaa maembe ulikuwa ukiteremka bila msukumaji na bila haya. Muuza ndengu alilikumbatia gunia lake kama mtoto mchanga. Mhubiri wa pale kona alinyamaza katikati ya sentensi, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

Nzisa peke yake hakusogea. Alikuwa akichagua nyanya, amevaa suti ya rangi ya malai na viatu vyekundu vya visigino virefu, na hata kama angetaka kukimbia, visigino hivyo visingempa ruhusa. Mkokoteni ulinguruma kama mwalimu wa zamu aliyeamshwa, ukaburura magurudumu, ukasimama shubiri moja tu kutoka kwenye viatu vile. Maembe, ambayo hayakuwa na breki, yaliendelea na safari.

"Nani anaendesha hiki kitu?" Nzisa aliuliza.

Kijana mrefu alifika mbio. Ovaroli yake ya buluu ilikuwa imetobolewa na cheche, na mkononi alikuwa na embe moja, ndilo pekee alilofanikiwa kuliokoa.

"Hakuna mtu, madam. Ndiyo sababu umesimama."

Huyu alikuwa Mumo, fundi wa kuchomelea vyuma mwenye karakana nyuma ya stendi. Alieleza kwa heshima zote, huku mwenzake Faki akikimbizana na maembe. Mikokoteni mingine yote ya Machakos, msukumaji akiteleza kwenye mteremko, humwacha hapo na kwenda kuua mtu mwingine. Huu wake ulikuwa kinyume. Ukiushika mpini, breki inalegea. Ukiuachilia, springi ya pikapu inabana ubao kwenye tairi, kidogo kidogo hadi mkokoteni usimame.

"Kwa hivyo ukikosa mtu, unangoja," Nzisa alisema.

"Unangoja mwenyewe arudi."

Nzisa aliuliza kama kuna mwingine aliyeonyeshwa kazi hiyo. Mumo akajibu kwa fahari kwamba soko zima limeiona, pamoja na mzee mmoja mwenye kiwanda huko Athi River, mtu mzuri sana, aliyekuja na futi na kamera akapima kila kitu. Nzisa aliziweka nyanya chini. Alitoa kadi mkobani, akamwambia aje Jumatatu asubuhi, na kabla ya hapo afunge mdomo.

"Nikifungua je?"

"Basi huo mdomo ndio utakuwa uvumbuzi wako wa pili, nao hauna breki."

Kampuni ya Wakili Wathome ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la sare za shule. Wathome mwenyewe, mzee wa tai pana na miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa na leseni ya kushughulikia hataza, yaani ile haki ambayo serikali humpa mvumbuzi ili mwingine asimwibie alichobuni. Nzisa alikuwa wakili wake wa pekee. Palikuwa pia na birika la chai, ambalo kwa cheo liliwapita wote wawili.

Kazi ya Nzisa ilikuwa kuuliza. Alitaka Mumo aieleze breki kwa maneno matupu, bila kutumia mikono, hadi mtu ambaye hajawahi kuiona Machakos aweze kuiunda. Mumo akisema "hiki kinabana pale," Nzisa anauliza hiki ni kipi na pale ni wapi. Akisema "kila fundi anajua," Nzisa anamwambia basi si kipya, tukifute. Siku za kwanza Mumo alitoka pale akiwa na jasho la mtahiniwa. Baadaye alianza kunyoa ndevu kabla ya kuja. Baadaye zaidi alianza kuja hata siku ambazo hakuitwa.

Alikuwa na ustadi wa kuflashi. Simu ya Nzisa ingelia mara moja na kukatika, na Nzisa, mwenye kadi ya simu, angepiga.

"Sema, bwana mvumbuzi. Breki imefanya nini tena?"

"Breki iko sawa. Mvumbuzi ndiye ameanza kulegea."

"Ulegee ukiwa umeshika mpini."

"Mpini uko mbali. Umevaa viatu vyekundu."

Nzisa alikuwa akicheka akiwa ameziba kipaza sauti, ili Wathome asisikie. Wathome, aliyesikia yote, alikuwa akikoroga chai isiyo na sukari kwa muda mrefu sana.

Ndipo habari zikaja kwamba yule mzee wa Athi River naye anatayarisha ombi, kwa breki ileile. Wathome aliwaeleza mambo kwa uzito wa mkuu wa shule anayetangaza kufungwa kwa bweni. Atakayetangulia kuwasilisha ndiye mwenye nguvu. Na mzee yule ana mawakili wakubwa, ambao watachokonoa kila mstari wa ombi wakitafuta uongo. Wakiupata mmoja, watalitilia shaka lote, na Mumo atabaki akitazama mikokoteni yake ikiuzwa kwa jina la mtu mwingine.

Ombi likapigwa chapa. Mumo alifika na shati jeupe lililopigwa pasi hadi likakakamaa, Faki nyuma yake kama msimamizi wa harusi. Ilibaki kujaza jina la mvumbuzi na kutia sahihi. Sasa, kijana mwingine angemnunulia mpenzi wake saa au kitambaa. Mumo alikuwa mtu wa makubwa. Aliandika "Mumo Erastus," akapumua, na chini yake, kwa mwandiko wake bora kabisa, akaandika "Nzisa Nduku." Kisha akaisukuma karatasi mezani na kungoja kupendwa.

Nzisa alisoma. Alichukua rula na kalamu nyekundu, akalikata jina lake kwa mstari ulionyooka.

"Hili haliwezi kukaa hapa," alisema. "Tutapiga chapa upya."

"Hutaki jina lako likae karibu na langu?"

Nzisa alimtazama Wathome, akaitazama karatasi. Ofisini alikuwa wakili, na wakili hamwambii mteja mambo ya moyo mbele ya bosi wake na Faki.

"Hapa, sitaki."

Mumo aliinuka na kuondoka bila kusaini. Shati lilikuwa bado limekakamaa. Faki alibaki nyuma kidogo, kwa sababu chai ilikuwa imeshamiminwa.

Wiki hiyo Mumo alichomelea mageti kwa hasira, na mengine hayafunguki hadi leo. Nzisa alipiga simu, haikushikwa. Akajaribu njia ya Mumo mwenyewe, akaflashi, haikurudishwa. Faki alimwambia rafiki yake kwamba mkokoteni wake una akili kumshinda, maana wenyewe huwa unajua mahali pa kusimama. Mumo akamjibu kwamba mtu akikukata kwa rula, amekupima kwanza. Hili lilimpendeza sana, akalirudia mara kadhaa, lakini halikumsaidia kula.

Kisha asubuhi moja viatu vyekundu vikaingia karakanani, vikichagua pa kukanyaga kati ya vipande vya chuma. Nzisa alikuwa na bahasha ya ombi lililopigwa chapa upya kifuani.

"Siji kukubembeleza," alisema. "Nina swali. Siku ile mkokoteni uliponijia, mimi nilifanya nini?"

Mumo aliendelea kusugua chuma. "Ulisimama."

"Springi niliiweka mimi?"

"Hapana."

"Ubao? Mpini?"

"Wewe ulikuwa unanunua nyanya."

"Sawa. Siku moja mawakili wa yule mzee wataniuliza mbele ya msajili wa hataza, madam, wewe ulivumbua sehemu gani? Niwaambie nini, Mumo? Nidanganye? Ama niseme nilinunua nyanya, halafu kazi yako yote ianguke sababu yangu?"

Mumo aliacha kusugua.

"Mimi nilidhani unanikataa."

"Nililitoa jina langu ndio lako libaki. Umeamka gizani miaka na miaka kwa hiki kitu. Mtu asije akasema ulisaidiwa. Hata mimi."

Faki, aliyekuwa akijifanya anatafuta nati, aliipata na bado akaendelea kutafuta. Mumo alifuta mikono kwa ovaroli, akauliza kalamu iko wapi. Alisaini juu ya mkokoteni, bega kwa bega na Nzisa, na kidole chake kikaacha alama ya grisi pembeni.

"Na jina lako?" aliuliza taratibu. "Litakaa wapi?"

"Tafuta mahali ambapo si uongo," Nzisa alisema. "Ukipapata, hutaflashi. Utapiga."

Mchana huohuo ombi lilifika Nairobi. Mzee wa Athi River alipofika na lake, alikuta la Mumo limemtangulia. Mawakili wake waliandika barua ndefu wakihoji kama kweli mvumbuzi ni mtu mmoja. Wathome aliwajibu kwa mstari mmoja: "Mvumbuzi ni mmoja, na yuko tayari kuulizwa." Hawakumuuliza. Hataza ilikuja polepole kama zamu ya kuoga bwenini, lakini ilikuja. Siku hiyohiyo simu ya Nzisa ililia, ikalia, ikalia, haikukatika.

Ndiyo maana Jumamosi moja barabara ya vumbi ya Muthetheni iliona ajabu. Mbuzi wa ntheo, ambao kwa Wakamba ndio hulifunga neno la ndoa kati ya nyumba mbili, walikuwa wakipelekwa kwa kina Nzisa wakiwa wamesimama juu ya mkokoteni uliopakwa rangi mpya, wakiitazama dunia kama wabunge. Kwenye mteremko wa lango, mbele ya ukoo mzima, Mumo aliuachilia mpini.

Mama wa Nzisa alifunika uso. Mkokoteni ukanguruma na kusimama mbele ya miguu ya baba mkwe, mzee mgumu aliyekuwa bado hajasalimia mtu. Mbuzi mmoja alipiga chafya. Mzee aliinama, akaushika ubao, akaigonga springi, akauzunguka mkokoteni wote.

"Breki hii mliitengeneza wangapi?" aliuliza.

Mumo alifungua mdomo, lakini Nzisa, aliyevaa leso mpya na vile viatu vyekundu, alikuwa ameshatangulia.

"Yeye peke yake, baba," alisema. "Niliiandika mimi mwenyewe."