Picha Iliyoomba Rangi

Kila asubuhi Patricie alishuka sokoni Kamembe na beseni la sambaza kichwani. Sambaza ni samaki wadogo wa ziwa la Kivu, watamu wakikaangwa. Aliwatandaza juu ya nailoni, akafukuza nzi, akangoja wateja. Wateja hawakumwita Patricie. Walimwita Mama Shimwa, kama desturi ilivyo, kwa jina la mtoto wake. Aliitika kwa adabu. Lakini kila alipoitwa aliumia, maana Shimwa hakuwapo.

Shimwa alikuwa mtoto wao wa pekee. Walikuwa wakiishi Bukavu, ng'ambo ya mto, kama Wanyarwanda wengi waliozaliwa Kongo. Mwaka 1996 vita vikaingia mjini. Patricie na mume wake Anastase, seremala, wakakimbilia mpakani. Barabara ilijaa watu, magodoro na mbuzi. Patricie alimshika Shimwa mkono. Watu wakasukumana, mkono ukachomoka. Alipogeuka hakumwona tena. Mtoto alikuwa na miaka saba.

Ikapita miaka kumi. Anastase aliacha kabisa kulitaja jina la mwanawe. Patricie hakuacha. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hawakusema kwamba wazazi wawili wanaweza kuumia kila mtu kivyake chini ya bati moja.

Karibu na soko palikuwa na duka la intaneti la Nasiba. Nasiba alikuwa binti wa Kiislamu, mwepesi wa ulimi, mjuzi wa kazi yake. Alisomea kompyuta Bujumbura. Alichora kadi za harusi, na alitengeneza tovuti, yaani kurasa ambazo watu husoma kwenye intaneti. Siku moja alikwenda mwenyewe mpaka kwenye beseni la sambaza. Alisema kuna tovuti mpya ya kutafuta waliopotea vitani, inaitwa Rudi Nyumbani, na kwamba Mama Shimwa lazima aione leo hii.

Intaneti ya siku hizo ilikuwa mvivu. Ungeweza kuchambua maharage ya jioni ukiingoja. Mwishowe kioo cha kompyuta kikajaa ziwa. Maji yalicheza kama maji ya kweli. Kando ya ziwa palikuwa na vilima, na juu ya vilima nyumba. Nasiba alipogusa nyumba kwa kile kishale cha kompyuta, taa iliwaka dirishani. Alipoigusa taa, sura ya mtu anayetafutwa ilitokea, na sauti ya chini ikalitaja jina lake.

Patricie hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile. Wateja wengine waliacha kazi zao, wakaja kusimama nyuma ya kiti chake.

"Mama Shimwa, huyu fundi iko na mikono," alisema Nasiba. "Mimi natengenezaka site, lakini hii, hapana. Angalia vile taa inawaka polepole, kama muntu mwenye anaamuka."

Kisha wakaanzisha ukurasa mpya kwa ajili ya Shimwa. Ilitokea picha ya kuchorwa ya mtoto amesimama, anawatazama, mwenye rangi ya majivu tupu. Tovuti iliuliza maswali. Kila jibu lilipoandikwa, picha ilipata rangi kidogo. Patricie alikuwa amejifunza kusoma mwaka uliotangulia, katika darasa la watu wazima pale kanisani. Aliandika mwenyewe, kidole kimoja kimoja. Jina la mtoto: nywele zikawa nyeusi. Jina la baba: shati likawa la kijani. Jina la utani la nyumbani, jina la mbuzi wao, wimbo aliokuwa akiimbiwa. Mashavu yakapata damu. Ikaulizwa alama ya mwilini. Shimwa alikuwa na kovu gotini. Aliungua kwenye mbabula, lile jiko la makaa, akiwa na miaka minne. Patricie alisogeza kishale, akagusa goti. Kidoa chekundu kikabaki pale.

Kila swali lilipokuja, watu nyuma yake walisema andika, andika. Nasiba naye alisema andika. Walitaka kuiona picha imekamilika. Ilipokamilika, mtoto wa kwenye kioo alitabasamu na kuinua mkono, na Patricie akalia mbele za watu bila kuona haya.

Mvua za masika hazijaisha, kijana akaja sokoni. Alikuwa mwembamba, viatu vyake vimekwisha. Alimwuliza muuza ndizi ni wapi anakaa Mama Shimwa. Alipooneshwa, alipiga magoti mbele ya sambaza.

"Mama, ni mimi Shimwa."

Alijua jina la baba. Alijua jina la mbuzi. Aliuimba wimbo, kwa sauti nyembamba, mpaka mwisho. Alipandisha suruali akaonesha kovu la moto gotini. Wanawake wa sokoni wakapiga vigelegele. Nani angekaa kuchunguza? Mfa maji haachi kutapatapa, na Patricie alikuwa ndani ya maji miaka kumi.

Nyumbani palijaa watu. Maziwa yalinywewa, na pombe ya ndizi pia. Anastase alisimama akataja ukoo wake, baba, babu na baba wa babu, kama inavyopasa mtoto anapopokewa. Tangu siku hiyo alianza tena kulitamka jina. Shimwa, leta msumeno. Shimwa, shika ubao huku. Alimfundisha kupiga randa, na jioni alimsifu mbele ya majirani. Kijana alikuwa mpole. Aliteka maji bila kutumwa. Hakuomba kitu.

Jumamosi moja kijana alikuwa akifua nguo uani, amevaa kaptura. Patricie alipita na kapu la viazi. Jua lilikuwa kali, na goti lilikuwa wazi. Kovu lilikuwa kwenye goti la kushoto. Shimwa aliungua goti la kulia. Patricie ndiye aliyelipaka asali kila usiku, asingeweza kulisahau. Tena ngozi ya kovu hili ilikuwa bado changa, ya waridi. Kovu la utotoni haliwi hivyo.

Aliweka viazi chini. Siku ile alinyamaza, na ya pili yake alinyamaza pia. Alimwekea kijana chakula kama kawaida. Alijua, na hakutaka kujua. Mtu asiyewahi kupoteza mtoto asimcheke.

Siku ya tatu alikwenda kwa Nasiba, akaomba kuuona tena ukurasa. Wakangoja mpaka picha ilipotokea. Mtoto alikuwa palepale, mwenye rangi zake zote, anawatazama. Kidoa chekundu kilikuwa goti la kushoto.

Nasiba alikitazama. Kisha akamwambia Patricie asimame mbele yake na kumtazama, ana kwa ana. Akamwuliza mkono wake wa kulia, yeye Nasiba, uko upande gani. Patricie alinyoosha kidole, na hapo akaelewa. Mtoto wa kwenye picha alikuwa amemgeukia. Upande wa kulia wa Patricie ulikuwa wa kushoto kwa mtoto. Alikuwa amegusa goti silo. Kijana alikuwa ameusoma ukurasa, kisha akajichoma mahali ukurasa ulipomwonesha.

"Makosa iko yangu," alisema Nasiba. "Mimi najua hii kazi. Nilikuwa naangalia vile picha inapata rangi, sikuangalia kile tunaandika. Ile ukurasa, muntu yeyote anaweza isoma, hapa, Bukavu, Ulaya. Tulisema tunaandikia Shimwa. Kumbe tulibandika kwa ukuta wa soko."

Patricie aliuliza kama fundi wa tovuti ni mwizi. Nasiba alisema hapana, pengine ni mtu wa moyo mzuri. Lakini tovuti haikuonesha nani anazitunza habari zile, wala nani anahakikisha majibu, wala namba ya kumpigia. Ilionesha taa tu.

"Mimi ningali naipenda," alisema. "Ni kazi ya fundi. Lakini kupenda na kuamini haiko kitu moja. Siri ya mutoto ni ufunguo wa nyumba, Mama Shimwa. Hauwezi kuitundika kwa mulango."

Jioni Patricie alimwambia mume wake. Anastase alimwita kijana, akamtaka apandishe suruali. Akatazama goti, akarudi nyuma hatua moja. Aliuliza wewe ni nani. Kijana hakukana.

"Mimi ni Mulume. Nalalaka kule Bukavu, nyuma ya soko. Kwa siber, ile duka ya intaneti, batu banajaa kuangalia ile site, nami nikaingia kuiangalia. Nikaona mutoto mwenye banatafuta. Mimi, hakuna muntu mwenye ananitafutaka."

Anastase alifungua mlango. Alimwambia atoke, na asikanyage tena ua wake. Kijana alivua shati alilonunuliwa, akalikunja, akaliweka kitini. Akavaa la kwake lililochanika. Alimtazama Patricie. Patricie angeweza kusema neno moja, na hakulisema. Kijana akashika njia ya kuteremkia mpakani, na mvua ikawa inanyesha.

Tangu hapo Anastase hakupiga randa kwa wiki nzima. Alikuwa amempoteza mtoto mara mbili, na mara ya pili alimtoa mlangoni kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa Nasiba na Patricie wakafanya kazi upya, safari hii kwa akili. Walifuta majibu yote, moja baada ya jingine. Kila walipofuta, picha ilipoteza rangi. Mashavu yakafifia, shati likarudi majivu. Patricie alisema ni kama kumzika kwa vijiko, lakini hakuacha. Walibakiza jina, mwaka, na mahali alipopotelea. Kisha walikwenda katika ofisi inayotafuta jamaa waliopotea vitani. Humo mfanyakazi aliandika habari nyingine zote na kuzifungia kabatini. Yeyote atakayejibu tangazo angepelekwa kwanza kwa mfanyakazi yule, na angeulizwa swali. Swali na jibu lake Patricie aliyasema sikioni mwa mfanyakazi. Hakumwambia hata Nasiba, na Nasiba alifurahi kutoambiwa.

Majibu yalikuja. Mwanamume mmoja alipiga simu akadai amemlea Shimwa, akaomba atumiwe nauli. Alipoulizwa swali, alikata simu. Mwingine alikisia mara tatu. Wote waliishia ofisini, hakuna aliyefika kupiga magoti mbele ya sambaza. Kama Patricie angeanza hivi, nyumba yake isingeingiwa. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Wakati wa mavuno ya mtama, mfanyakazi alikuja sokoni mwenyewe. Alimwomba Patricie afunike beseni, waketi pembeni. Kuna mama wa Nyangezi, upande wa Kongo, anaitwa Mama Muderhwa. Alisikia redioni tangazo ambalo ofisi ilikuwa imelitafsiri kwa lugha yake, akatembea mpaka Bukavu kutoa habari katika ofisi ya huko. Mwaka ule wa vita aliokota mtoto barabarani. Wafanyakazi walimwuliza swali: mtoto huyo alikuwa hawezi kulala bila nini?

"Bila kushika sikio ya muntu," alijibu yule mama. "Alikuwa anatafuta sikio kwa giza, anaishika, ndipo analala. Alipata kuhara kwa maficho, kule milimani. Hakukuwa dawa. Alishika yangu mpaka mwisho."

Patricie alishika sikio lake mwenyewe. Wauza ndizi waliona, wakajua bila kuambiwa.

Walivuka mto, yeye na Anastase, wakaenda Nyangezi. Walioneshwa kaburi, mawe machache chini ya mti wa mwavuli. Anastase aliulilia mwaka wote wa 1996 na miaka yote iliyofuata. Walimshukuru Mama Muderhwa, wakala chakula chake, wakarudi. Nyumbani waliketi matanga kama wazazi wengine. Ni jambo chungu kusema kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa matokeo mema, lakini ndivyo yalivyokuwa. Patricie aliacha kugeuka kila alipomwona kijana mrefu sokoni. Anastase alirudi kwenye randa yake. Jina la Shimwa likawa linatajwa mezani bila mtu kusimama na kutoka.

Baada ya matanga Patricie alikwenda tena kwa Nasiba. Nasiba alidhani amekuja kufuta ukurasa, akaanza kuufungua. Patricie alisema huo utafutwa, ndiyo, lakini anataka mwingine.

"Wa nani?"

"Wa ule kijana. Mulume."

Nasiba alimtazama. Aliuliza wataandika nini, ikiwa hawajui baba yake, wala mama yake, wala kwao.

"Hatuandiki mingi," alisema Patricie. "Wewe si ulinifundisha? Swali ya kumuuliza niko nayo hapa tumboni."

Wakangoja ziwa litokee, kisha vilima, kisha nyumba. Nasiba alimsogezea kibao cha herufi. Patricie aliandika kwa kidole kimoja, akikosea na kurudia: Mulume wa Bukavu, kuna mtu anakutafuta.