Sanduku la Vigae

Land Cruiser nyeusi ilikata kona ya bandari ya Tomakomai, ikapotelea kwenye ukungu.

Sanae Kiyama aliiongezea mafuta pikipiki yake ya Yamaha, akaifuata.

"Bundi, unanisikia?" Redio ilikoroma sikioni. Alikuwa Oikawa, mkuu wake wa ujasusi, akimwita kwa jina la kazi. "Meli inaondoka. Mifupa ikipanda, basi tena."

"Haipandi, bosi."

Mifupa ile ilikuwa ya Waainu, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Japani, watu wa Sanae. Watafiti wa chuo kikuu waliifukua zamani bila kumuuliza mtu. Chuo kilikubali kuirudisha, na siku moja kabla ya makabidhiano ikaibwa. Mmoja wa wafu wale alikuwa mama yake Bibi Tsuruko, mzee wa miaka tisini aliyeapa hafi mpaka amzike mamaye.

Profesa Verhage, mtafiti aliyeiiba, alisimama gatini kando ya Land Cruiser na masanduku mawili, mikono juu. Alijisalimisha upesi mno.

"Umeshinda, binti. Chukua watu wako."

Alifungua sanduku moja. Fuvu. Upanga. Bakuli la mbao, zima, linang'aa.

"Na hilo jingine?"

"Vigae tu. Takataka."

Sanae aligusa bakuli. Halina hata ufa. Akacheka, cheko lisilo na furaha.

"Miaka yote unatuchimba, profesa, hukuuliza hata siku moja? Sisi humvunjia marehemu vyombo vyake ndipo aende navyo. Chombo kizima hakizikwi. Sanduku hili ni la kunidanganyia."

Verhage aliingiza mkono kwenye koti.

Paa!

Sanae alimwahi kwa risasi; bastola ya profesa ilidondoka majini. Alishika kidole akilia kama mtoto.

Sanae alipiga magoti mbele ya vigae. Tangu utotoni aliambiwa asiwasumbue wafu, na sasa alihisi wamemzunguka kwenye ukungu, kimya, wakingoja. Aliogopa, wallahi aliogopa.

Aliinua vigae. Chini yake, fuvu dogo. Juu ya paji la uso, namba ya wino, ileile ambayo orodha ya chuo ilimwandikia mama yake Bibi Tsuruko.

Namba! Mama wa mtu!

Alimpigia simu Bibi Tsuruko.

"Bibi, nimempata."

Sauti nyembamba ikauliza:

"Ana baridi?"

Sanae alivua jaketi lake la ngozi, akalifunika fuvu taratibu, akazikunja kingo zake kulizunguka.

"Sasa hana, bibi."

Vijana wa Oikawa walipofika, aliwakabidhi Verhage na sanduku la vigae.

"Dada, jaketi lako!"

"Liacheni."

Akawasha Yamaha na kuondoka na shati lake jepesi, bila kugeuka.