Upepo Nyuma ya Sauti ya Syntiche

Siku ile mama Germaine alitoka kwake Kampemba, mjini Lubumbashi, amevaa kitenge chake cha misa, ingawa haikuwa Jumapili. Alikuwa anakwenda kununua casque za kusikilizia simu, zile za kufunika masikio yote mawili. Majirani walimwona akipita wakashangaa, maana tangu azike mtoto wake mwaka uliopita, alikuwa hatoki ila kwenda sokoni na kanisani.

Kilichomtoa ni sauti iliyokuwa kwenye simu yake. Syntiche, mtoto wake wa pekee, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kasomeno, kwenye barabara ya Kasenga. Homa ilimchukua mwezi wa Julai, haraka, kabla wazazi hawajapata gari. Walimkuta ameshafariki, wakamzika hukohuko. Alichowaachia ni ujumbe mmoja wa sauti aliotuma akiwa bado kitandani. "Mama... niko bien," alisema, kwamba yuko salama, na katikati ya maneno hayo kulikuwa na kelele, shwaa, shwaa, kama upepo wa kiangazi ukipiga mabati. Kwenye spika ndogo ya simu mtoto alisikika kama mtu anayesema ndani ya ndoo. Germaine alitaka kumsikia vizuri, basi. Hakuwa na haja nyingine duniani.

Duka la Idriss, la vifaa vya simu, liko karibu na soko. Ni mtu wa makamo, wa familia iliyotoka Maniema, mpole, na hamharakishi mteja. Alimuuliza ataitumia wapi. Germaine akajibu nyumbani, na ndani ya basi pia, kwa sababu huwa anakwenda Kasomeno kufagia kaburi. Idriss akamtolea za kujaribu. Ndogo za kuingiza ndani ya sikio zilidondoka mara tu alipogusa kilemba chake. Ya pili ilikuwa ya kijivu, inakunjika, ina waya wake, hata chaji ikiisha inaendelea. Ya tatu ilikuwa nyeusi, laini, na ilikuwa na kitufe cha kuzima kelele za nje.

"Usisikilize miziki ya bengine, mama," Idriss alimwambia. "Sikiliza kile kintu unajua sana."

Basi akaufungua ule ujumbe. Kwenye ile ya kijivu Syntiche alisikika wazi. Germaine alisikia hata mate akiyameza, hata kitanda kikilia chini yake. Machozi yakamtoka, na Idriss akageuza uso, akajifanya anapanga chaja. Angeichukua ile, mambo yangeishia hapo.

Lakini alitaka kujaribu na nyeusi. Akaivaa, akabonyeza kitufe. Soko lote likazimika kama taa. Na Syntiche akasema, karibu sana, kama ameegemeza mdomo kwenye hereni ya mama yake:

"Mama, usilie. Niko bien."

Usilie. Neno hilo halikuwako.

Alimpa Idriss naye asikilize. Idriss alisikia sauti ya msichana na upepo, hakuna zaidi. Lakini hakuwa mtu wa kuficha. Alimweleza kwamba mwenye kuinunua kwanza aliirudisha kesho yake, akakataa hata kukaa. Haikuwa imeharibika. "Alisema inaongeza mambo," Idriss alisema kwa sauti ya chini, kisha akamsihi achukue ya kijivu.

Germaine alikuwa ameshaikumbatia ile nyeusi kifuani.

Nyumbani alisikiliza kila mchana, amekaa kwenye kiti cha plastiki uani. Kadiri alivyosikiliza, ule upepo ulizidi kupoteza sura ya upepo. Ulikuwa na mpigo wake. Shwaa. Unanyamaza. Shwaa. Unanyamaza. Alijua ameshawahi kuusikia mahali, ila hakukumbuka wapi.

Siku moja alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, huku ameivaa. Mkono ukasimama hewani.

Ilikuwa udongo. Udongo unaomwagwa kwa sepetu juu ya mbao.

Nyuma ya udongo, wanawake walikuwa wanaimba wimbo wa mazishi, taratibu. Na juu ya wimbo kulikuwa na mwanamke mmoja analia, anaita, "Syntiche, amuka. Amuka, mama yangu."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Na ujumbe ule ulitumwa mtoto akiwa hai.

Mume wake, papa Adalbert, aliendesha treni maisha yake yote, na mashine zilikuwa zimemmaliza masikio. Germaine hakumweleza kitu. Alimvalisha tu. Mzee alisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya magoti. Kisha akaivua kwa mikono miwili, kama mtu anayevua kofia mlangoni mwa kanisa.

"Ile siku, ulilia vile?" akauliza.

"Nililia vile."

Adalbert alimwomba airudishe. Alisema mtoto ameshaenda, wamuache apumzike. Germaine alitazama chini.

"Aliniambia nisilie mbele ya kuanza kulia," akasema. "Sasa miye namna gani nitamuacha?"

Wiki iliyofuata alipanda basi la Kasomeno. Alifika jua likiwa utosini, akang'oa majani juu ya kaburi, akapangusa msalaba kwa ncha ya kitenge. Kisha akakaa chini, akaivaa casque, akafungua ujumbe.

"Mama, usilie. Niko bien." Sepetu. Wimbo. Kilio chake. Halafu kimya. Kila siku ujumbe uliishia pale.

Safari hii haukuishia pale. Sepetu zikaanza tena.

Hazikuwa zilezile. Udongo huu ulianguka kwa uzito mwingine, na waimbaji walikuwa wengine. Aliwatambua mmoja mmoja. Walikuwa wamama wa kwaya yake, wa Kampemba. Na juu yao mwanaume alikuwa analia kwa sauti kubwa mno, sauti ya mtu ambaye hajisikii mwenyewe.

"Germaine, amuka."

Akaivua. Hapakuwa na upepo. Hata jani halikutikisika.

Aliporudi alimwambia mume wake kwamba hakusikia kitu, na kwamba casque ataipeleka kwa Idriss. Yaliyotokea Kasomeno alimweleza dada yake tu, akamwapisha asimwambie Adalbert. Jioni akapika bukari, ugali wa kwao, na samaki wa Kasenga. Kesho yake akafua mashati ya mzee, yote, hata yale ambayo hayavai tena, akayapiga pasi, akamwonyesha yanakaa wapi. Adalbert alifurahi. Alidhani moyo wa mke wake umeanza kutulia.

Jumapili, baada ya misa, Germaine alijilaza kidogo. Adalbert akaingia na kikombe cha chai.

"Germaine," akamwita. "Germaine, amuka."

Chai ilimmwagikia miguuni. Hakuihisi.

Idriss alikwenda kwenye mazishi. Walipopokezana sepetu naye aliishika, akatupa udongo pamoja na wengine. Alimsikia mzee akilia maneno yaleyale, kwa sauti kubwa mno.

Kilio kilipokwisha, papa Adalbert alikuja dukani amebeba boksi ya casque nyeusi na simu yake. Kulikuwa na ujumbe wa sauti wa mke wake ambao hakuwahi kuusikia, kwa sababu ya masikio. Aliutuma jioni ile aliyorudi kutoka Kasomeno. Mzee alitaka casque, ya nyumbani na ya safari, kwa maana sasa makaburi yake ni mawili na moja liko mbali. Ila nyeusi hakuitaka hata kuigusa. Idriss akachukua ya kijivu, ile ambayo haijawahi kuongeza kitu kwa mtu yeyote. Akaivaa yeye kwanza, apime sauti kwa ajili ya masikio ya mzee.

"Papa Syntiche, usilie. Niko bien."

Nyuma yake, shwaa. Kimya. Shwaa.

Idriss aliufahamu mpigo ule. Viganja vyake bado vilikuwa na malengelenge.

Akangoja uishe. Ulipokaribia kuisha, akasikia wanawake wawili wakisemezana, kwa utulivu, kama watu walio jikoni.

"Papa atakuya?"

"Muache kwanza."

Aliivua polepole. Akamvalisha mzee, akamshika bega. Adalbert alisikiliza amefumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uso wake ulilegea. Kisha akauliza ni nini kile kinachovuma nyuma ya mke wake, na wale wanaosema mwishoni ni nani, maana maneno hakuyashika.

"Ni réseau ya simu tu, papa," Idriss akasema. "Haina mutu."

Mzee akashukuru, akaondoka na ile ya kijivu shingoni.

Idriss akafungua boksi ya nyeusi ili aipanguse na kuiweka juu ya kabati. Sponji za masikio zilikuwa zimelowa. Ndani yake mlikuwa na udongo mwekundu, mbichi, umeshindiliwa kwa kidole. Alitazama nje, kwenye vumbi la barabara. Mvua haikuwa imenyesha Lubumbashi tangu Aprili.