Kokoto Kwenye Soya

Kila alfajiri, kabla ya kuvaa sare ya shule, Wangeci humsaidia mama yake kuosha matumbo kwenye kibanda chao karibu na machinjio ya Dagoretti. Mama huyageuza na kuyakwangua, Wangeci humimina maji. Wakimaliza, yeye husugua mikono kwa sabuni na ndimu mpaka kwenye viwiko, akainusa, akasugua tena. Zamani hakuwa na mazoea ya kunusa mikono. Ni Mbuthia aliyemtia mazoea hayo.

Mbuthia alikuwa mwanafunzi mwenzake wa Gredi ya Sita, mvulana mcheshi asiyejua kuufunga mdomo. Siku moja mwezi wa Januari alipita kibandani akamwona Wangeci ameinamia ndoo. Kufikia saa ya mapumziko, darasa zima lilikuwa likimwita Matumbo. "Matumbo, nipishe," walimwambia huku wameziba pua. Wangeci hakulia, wala hakumshtakia mtu. Alimwekea Mbuthia donge rohoni, akalala nalo na kuamka nalo, akingoja siku yake.

Siku ililetwa na Mwalimu Chinami. Mwalimu huyu alitoka Japani, na alikuwa akijitolea kuwafundisha sanaa kwa mwaka mmoja. Wiki ya kwanza ya Februari aliingia darasani ameinama kidogo, kama mtu aliyewakumbuka wa kwao.

"Nyumbani wiki hii ni sikukuu," aliwaambia kwa Kiswahili chake cha polepole. "Baba anavaa uso wa zimwi. Watoto wanamtupia soya za kukaanga, wanamfukuza nje. Mabaya yanatoka, heri inaingia. Sijawahi kuikosa hata mwaka mmoja. Mwalimu mkuu ametukubalia Ijumaa, lakini kwa shingo upande. Sasa, nani atakuwa zimwi?"

Mkono wa Wangeci ulikuwa juu kabla ya mingine yote.

"Mbuthia, Mwalimu. Yeye ndiye anajua kuchekesha watu."

"Hiyo ni kazi yangu kabisa," Mbuthia akasema, kichwa kimemvimba.

"Na soya tutakaanga kwetu," Wangeci akaongeza. Mwalimu Chinami alimshukuru mara mbili. Wangeci akatabasamu, na tabasamu lile halikuwa la wema.

Alhamisi jioni mama aliweka sufuria kubwa juu ya jiko la makaa, akakaanga soya kwa uangalifu. "Huyo mwalimu wenu yuko mbali na watu wake," alisema. "Tusimkaangie ovyo ovyo." Wangeci alizifunga soya katika vifuko vya karatasi, kimoja kwa kila mwanafunzi. Katika kifuko chake mwenyewe hakutia soya. Alitia kokoto, alizookota kwenye nyumba ya jirani iliyokuwa ikijengwa.

"Hicho mbona umekikunja vingine?" mama aliuliza.

"Ni changu, Mama." Lilikuwa jibu la kweli, ndiyo maana lilimtoka bila taabu.

Ijumaa Mwalimu Chinami alikuja na vazi la kwao la rangi ya samawati, uso unang'aa kwa furaha. Uwanjani Mbuthia alivaa kinyago chekundu cha katoni, akanguruma na kurukaruka. "Zimwi toka! Heri ingia!" watoto walipiga kelele, soya zikamwagika kama mvua. Wangeci hakurusha. Alisogea taratibu mpaka mahali alipojua Mbuthia atageukia, akangoja, na alipogeuka akamrushia kokoto zote kwa nguvu zake zote.

Tusidanganyane, ilikuwa tamu. Mbuthia alipiga yowe na kuanguka, na moyo wa Wangeci ukacheza. Wenzake walicheka wakidhani ni maigizo. Kisha Mbuthia akavua kinyago, damu ikawa inamchirizika kando ya jicho.

Mwalimu mkuu, Bwana Mutinda, alikuja mbio. "Nilijua tu," alimwambia Mwalimu Chinami. "Sherehe yenu imeumiza mtoto wa watu. Hapa imekwisha. Na waliokutuma nitawaandikia leo wakutafutie shule nyingine."

"Ni kosa langu. Samahani sana," Mwalimu Chinami alijibu. Aliinama mbele yake, kisha akapiga magoti kumfuta Mbuthia damu kwa mkono wa vazi lake zuri. Machozi yalikuwa yakimtoka.

Utamu ulimwishia Wangeci palepale. Alikuwa amejiandaa kuona machozi ya Mbuthia, siyo haya. Na angeweza kunyamaza, kwa kuwa hakuna aliyemwona. Lakini mgeni angefukuzwa kwa kosa lisilo lake, katika siku aliyoingoja kwa hamu. Wangeci alizunguka nje ya ofisi kwa muda, kisha akabisha hodi.

"Mwalimu, si soya zilizomuumiza," alimwambia Bwana Mutinda. "Ni kokoto. Nilizirusha mimi, na nilikusudia."

"Kwa nini?"

"Ananiita Matumbo. Wote wananiita hivyo kwa sababu yake."

Mbuthia alikuwa ameketi pembeni na plasta usoni, Mwalimu Chinami kando yake. Jicho lilikuwa limepona chupuchupu. "Tulikuwa tunacheza tu," alinong'ona.

Mama Wangeci aliitwa. Alikuja na aproni na viatu vya mpira, jinsi alivyotolewa kazini, akasikiliza yote akiwa amesimama. Wangeci alitazamia kwamba sasa Mbuthia atakiona. Lakini mama alipangusa mikono yake kwenye leso, akamwendea yule mvulana.

"Pole, mwanangu," alimwambia. "Mtoto wangu amekukosea. Mimi mama yake nakuomba msamaha."

"Mama, usimwombe huyo," Wangeci alisema. "Yeye ndiye—"

"Nyamaza," mama alimkatiza.

Mbuthia alitazama sakafu. "Samahani, Mama. Hiyo jina ni mimi nilianza."

"Basi utalimaliza wewe, mbele ya wale uliowafundisha," mama alimjibu.

Bwana Mutinda alikohoa. "Mwalimu Chinami, nilikulaumu kabla ya kuuliza. Nisamehe. Barua sitaandika, na Jumatatu mtamalizia sherehe yenu. Wangeci hatashiriki. Atafagia uwanja."

Langoni mama alisimama.

"Mtu akinicheka kwa kuosha matumbo, anacheka bure," alisema. "Kazi hii imekulisha na haijawahi kunitia aibu. Lakini leo umenifanya nimwombe msamaha yule yule aliyetucheka. Jana ungekuja kwangu au kwa mwalimu, haki yote ilikuwa yako. Uliitupa mwenyewe pale uwanjani. Ukikosewa, sema. Ukilipiza, wewe ndiye utakayeulizwa."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Lakini usinirudishe tena kwenye ofisi ile kuyasema maneno yale."