Vyura Waliomwitikia Marehemu

"Mtungi umepasuka," Mzee, mkuu wake wa kazi, alisema kwenye simu.

Sindano aliiacha chai mezani. "Maji kiasi gani?"

"Yote. Arobaini."

Alikuwa ameshaanza kushuka ngazi.

Maji ya mtungi huo yalikuwa vyura arobaini. Duniani hapakuwa na wengine wa aina ile. Ugonjwa wa ukungu ulishawafyeka mtoni. Hawa walilelewa maabara ili siku moja warudishwe. Aliyewaokoa ni mume wa Sindano, mtafiti. Miezi minane iliyopita alikutwa amekufa kwenye mto huohuo. Ameteleza, walisema. Sindano alimzika, lakini hakuamini.

Sasa vyura walikuwa wameibwa alfajiri. Kuna watu ng'ambo walioitaka sumu ya ngozi zao, na ndege ya mizigo ilikuwa inaondoka saa tatu.

Saa mbili na nusu aliingia ghala la uwanja wa ndege. Bastola ya Glock kiunoni. Kitambulisho bandia cha mkaguzi wa mimea kifuani.

Maboksi mia mbili ya maua, yamefanana kama mapacha, na vyura wamefichwa ndani ya mojawapo.

"Fungua yote, dada, kama una ubavu," alisema wakala wa mizigo, mtu wa suti ya kijivu na tabasamu la kuazima. "Ndege haimsubiri mtu."

"Sifungui hata moja, kaka."

Alitoa spika ndogo, akaiunganisha na simu. Chura dume akisikia mlio wa mwenzake gizani, huitikia. Rekodi alikuwa nayo. Hakuwahi kuigusa tangu mazishi.

Kidole kilisita. Akabonyeza.

"Rekodi ya kumi na saba, mkondo wa juu," ilisema sauti ya mumewe, ikihema. "Mke wangu, ukisikia hii, ujue nimelowa chapachapa."

Vinyweleo vilimsimama. Ilikuwa kama yupo pale, nyuma ya bega lake.

Wakala alirudi nyuma hatua mbili, uso umempauka.

"Zima! Huyo si alizama?"

"Hajataja jina," Sindano alisema polepole. "Sauti yake uliisikia wapi?"

Mkono wa wakala ulichomoka kotini na bastola.

Alichelewa. Kiwiko kooni, goti tumboni. Bastola iliteleza sakafuni, na Glock ikamgusa paji la uso.

Kwenye spika, chura alilia.

Kri. Kri.

Boksi moja katikati ya safu likajibu.

"Alisema nini mwishoni?" Sindano aliuliza.

"Alisema... tuangalie tusiwakanyage vyura."

Kidole kilikaa kwenye kifyatulio. Kilikaa mno.

Kisha akatoa pingu.

Nje, jua lilikuwa kali. Simu iliita.

"Vipi?" Mzee aliuliza.

"Arobaini, wazima. Watu wa maabara wameshawachukua."

"Na wakala?"

"Anapumua. Hakimu ataongea naye kuhusu kifo cha mtoni."

Mzee alishusha pumzi. "Pole, mwanangu. Nenda nyumbani, pumzika hata wiki."

"Nyumbani hamna mtu, Mzee. Nipe kazi."

Akavaa miwani ya jua, akaondoka bila kugeuka nyuma.